Sili, Sketi Nyeusi na Mjomba Aliye Hai

Kihnu, 27 Septemba 1992

Mjomba Teodor,

Shikamoo. Barua yako ya Julai niliipokea mwenyewe, nikaigonga muhuri mwenyewe, kisha nikajipelekea nyumbani kwa pikipiki, maana posta wa kisiwa hiki ni mimi na sheria ni sheria. Huku tu wazima. Arvo mume wangu analalamika mgongo, lakini akiitwa kwenda kuvua mgongo unapona. Viazi vimekubali mwaka huu. Kaburi la mama nimelipalilia na nimepanda yale maua meupe uliyotuma mbegu zake. Wasiwasi wetu ni wewe tu, huko Gotland peke yako na paka.

Sasa nikuambie lililonifanya nikae chini kuandika. Wale askari wa kigeni waliokuwa wakilinda pwani yetu wameondoka. Unajua ilivyokuwa: ukielekeza kamera baharini, wewe jasusi. Mmoja wao alipokuwa akifunga mizigo aliniachia kamera yake kwa mikunga wawili wa kukaushwa kwa moshi. Ni nzito kama tofali, lakini inapiga picha.

Nikachukua boti ya Arvo, nikaenda Vareslaid, kile kisiwa chetu kidogo cha mawe. Mjomba, nina miaka thelathini na minane, nimezaliwa hapa, na sili nimewaona maisha yangu yote, kichwa kimoja kule mbali, kikizama kabla hujamwonyesha mwenzako. Siku hiyo niliwaona kumi na wanne, wamejilaza juu ya mawe, mikia juu, vichwa juu, kama watu wanaoogopa kulowesha nywele na viatu. Mmoja alikuwa akijikuna ubavu kwa ukucha, taratibu, macho kayafumba kwa raha. Nilisahau kwamba nina kamera. Nilijiona mjinga, kukaa jirani na viumbe hawa miaka yote hiyo bila hata kuwasalimia.

Nilipokumbuka kupiga, nilipiga zote thelathini na sita. Zimerudi kutoka Pärnu jana. Thelathini ni mawe. Nne ni makalio ya sili wakiingia majini. Mbili ni kidole changu. Nakutumia chache uzione.

Mama alikuwa akisema hakuna kijana aliyewajua sili kama wewe. Nieleze, mlikuwa mnawakaribiaje?

Mpwa wako,
Friida

*

Gotland, 18 Oktoba 1992

Friida, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko salama. Mwambie Arvo dawa ya mgongo ni mafuta ya sili, ila siku hizi hairuhusiwi, basi avumilie. Mimi sijambo, paka naye hajambo, ingawa amenenepa na ananidharau.

Kidole chako nimekipenda. Kimetoka vizuri kuliko mawe.

Sasa nisikilize vizuri. La kwanza ni upepo. Sili macho yake nje ya maji si makali, lakini pua yake inakusoma toka mbali. Upepo ukupige usoni, usikupige kisogoni. La pili ni subira. Ukifika jiwe la mwisho la kujifichia, kaa hapo mpaka uchoke, kisha kaa tena. La tatu, na hili ndilo kubwa: nguo nyeupe. Sisi tulivaa mashuka kichwani hadi miguuni, tukajilaza juu ya barafu, tukajivuta kwa viwiko. Mimi nilikuwa nikitangulia na bunduki. Mwenzangu alikuwa hodari wa makasia, tena alijua kuwaita, akitoa ile sauti yao hata mimi mwenyewe nageuka kutazama. Waliinua vichwa, wakasogea. Sina fahari na kilichofuata. Wakati ule ilikuwa nyama na mafuta ya kuwashia taa. Lakini kabla ya kilichofuata, Friida, kulikuwa na dakika chache za kuwatazama tu, na hizo ndizo ninazoziota.

Kuna jambo sijakuambia. Ni presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia linaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazibwa kidogo kidogo. Daktari anasema likifika vuli ijayo nisilitegemee. Usilie, mimi nimeshalia na paka alikereka.

Naomba kitu kimoja. Mwezi wa tatu majike huzaa. Nipigie picha ya jike wa Vareslaid na mtoto wake mweupe, kubwa, ya karibu, niitazame kwa kioo cha kukuzia nikiwa bado naona.

Na usianze tena habari za mimi kuja. Paka hana wa kumwachia.

Mjomba wako,
Teodor

*

Kihnu, 24 Januari 1993

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Nilikuwa nangoja barafu ndipo nikuandikie. Naona ningengoja mpaka nizeeke. Bahari iko wazi, mvua inanyesha, watoto wanakokota vigari vya theluji juu ya matope. Ng'ombe wa jirani amezaa pacha. Arvo amenunua redio. Hayo ndiyo mapya.

Kuhusu macho yako nimelia, umesema nisilie lakini si wewe unayenitawala. Picha utaipata. Nimeapa mbele ya kaburi la mama.

Sasa ushauri wako. Nilichukua shuka jeupe la harusi yangu, nikajifunga kichwani hadi miguuni, nikajilaza Vareslaid kama ulivyosema. Barafu hakuna. Mawe ya Vareslaid ni meusi, mwani ni mweusi, bahari ni nyeusi, na katikati yake mimi! Sili walioko juu ya mawe walinitazama. Walioko majini walikuja nao kutazama. Kulikuwa na dume mmoja mwenye pua ndefu, kichwa chake kama cha farasi, nimempa jina Mwenyekiti kwa sababu anafanana na yule wa zamani wa shamba la pamoja. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma kabisa. Kisha alikoroma, na wote kwa pamoja wakaporomoka majini. Ilikuwa kelele ya magunia ya viazi kumwagwa toka garini. Arvo aliyekuwa kwenye boti alicheka hadi akashika ule mgongo wake.

"Mke wangu," akasema, "ulikosea sherehe."

Kosa la pili ni kamera. Ukiibonyeza inapiga kelele kama mlango wa choo siku ya upepo. Hilo nimelitibu. Nimeifumia soksi ya sufu, nene, ina tundu la jicho na tundu la kidole. Kamera ya kwanza duniani kuvaa soksi, nadhani, na ina nakshi za glavu zetu kabisa. Sasa inakohoa tu.

Lakini pamoja na aibu yote hiyo nimewaona vizuri zaidi. Nimejua kwamba kila mmoja ana madoa yake, hakuna wawili walio sawa. Nimewachora kwenye daftari la posta: Mwenyekiti, Mke wa Padri, Shangazi Mwenye Kovu. Wakiwa majini wanasimama wima, pua juu, wanalala hivyo hivyo huku mawimbi yakiwapandisha na kuwashusha. Nani alimfundisha kiumbe kulala amesimama ndani ya bahari? Nikirudi nyumbani nawaza hilo huku nikigawa barua, napeleka magazeti nyumba zisizo zake.

Nifanyeje sasa bila barafu?

Friida

*

Gotland, 7 Februari 1993

Friida,

Marahaba. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Shuka la harusi! Mimi nilikuambia nguo nyeupe ya barafuni, sikukuambia ukaolewe upya na Mwenyekiti.

Huku nako hakuna barafu. Sisi wazee tunaketi bandarini na kulaumu. Jicho liko vile vile, labda pungufu kidogo. Nimeacha kusoma gazeti, nasoma barua zako tu, kwa kioo, neno moja moja, kwa hiyo andika herufi kubwa.

Kama ni mawe, basi kinyume chake. Vaa kitu cheusi. Kizito, cha sufu, kisichong'aa wala kuchakarisha. Koti la mvua la plastiki usithubutu, linasema kila ukipumua. Kisha jilaze kama wao: ubavu chini, inua kichwa, inua miguu, jikune. Ndiyo, jikune. Kila ukijikuna wanasema, aa, ni mwenzetu, tena ana viroboto.

Na hili uliweke moyoni. Usikae kamwe kati ya jike na maji. Ukimziba njia ataogopa, anaweza kumwacha mtoto asirudi. Mtoto usimguse hata akikulilia. Hulia kama mtoto wa mtu, nakuonya mapema. Mwenzangu alikuwa akiziba masikio.

Siku zinakimbia, mpwa wangu. Si za sili tu.

Teodor

*

Kihnu, 2 Machi 1993

Mjomba,

Shikamoo, na kwanza kabisa niwie radhi. Umekufa.

Umekufa tangu Alhamisi iliyopita saa tatu asubuhi, na kosa ni langu, na kwa kiasi fulani ni lako. Keti, nikueleze.

Ulisema kitu cheusi, cha sufu, kizito. Nani ana suruali ya namna hiyo? Sketi zangu zote zina mistari myekundu, mimi mwanamke mwenye mume hai na furaha zangu. Nikafungua sanduku la mama. Juu kabisa ilikuwa sketi yake ya msiba, nyeusi na buluu, ile aliyovaa babu alipofariki. Nikaona, Mungu anipe nini tena? Nikaivaa, nikatundika kamera shingoni, nikapanda pikipiki, nikapita barabara ya kanisani hadi gatini.

Umekaa ughaibuni miaka arobaini na minane, labda umesahau. Mimi sina hata kisingizio hicho. Hapa kwetu mwanamke hahitaji kutangaza msiba, sketi yake imeshasema. Na jana yake kila mtu alikuwa ameona barua ya Gotland ikishuka kwenye boti. Arvo walimwona asubuhi hiyo akitengeneza injini, kwa hiyo si yeye. Barua ya Gotland, sketi nyeusi. Wakajumlisha.

Mimi sina habari, niko Vareslaid nimejilaza ubavu, najikuna. Na mjomba, imefanya kazi! Hatua thelathini kutoka kwao, hawakujali. Shangazi Mwenye Kovu alinitazama, akapiga miayo, nikaona meno yake yote. Watoto wameshazaliwa. Nilisikia mmoja akilia upande wa pili wa jiwe kubwa, na nilishukuru ulinionya, maana maziwa yangu yaliyokauka miaka kumi yalishtuka. Lakini kumwona sikumwona, na kuzunguka kungeniweka kati ya mama na maji. Nikaacha. Nikarudi mikono mitupu, ila nina furaha.

Nyumbani nikakuta wanawake tisa jikoni. Mkate mweusi, samaki wa moshi, sufuria la viazi. Mmoja akanikumbatia: "Pole mwanangu. Alikuwa mtu mzuri." Mwingine akasema, "Alinidai ndoana tangu mwaka arobaini na tatu, sasa nitamlipaje?" Nikasema, "Nani kafa?" Wakatazamana kwa huruma, wakaona nimepagawa kwa majonzi. Ilinichukua nusu saa kukufufua. Chakula hawakurudi nacho, tulikaa tukala wote, na ulisifiwa sana.

Sasa jambo lenyewe. Si kila mtu alipata habari ya ufufuko. Unamjua Akilina, yule mama wa karibu na mnara wa taa, anayefuga kondoo na kumfokea kila mtu, na posta kwanza? Hakuolewa. Jumapili aliingia kanisani amevaa sketi ya msiba. Mpya, mistari haijafifia, kama iliyofumwa zamani na kuwekwa. Kanisa zima liligeuka. Mmoja akamuuliza, "Akilina, wewe nani wako kafa?"

Akajibu, "Wangu."

Baada ya ibada nilimfuata hadi kwake. Nikasema, "Mama Akilina, samahani, mjomba Teodor hajafa. Mimi nilikuwa napiga picha sili." Aliketi juu ya ndoo. Alicheka kwanza, sauti ndogo, kisha akanyanyuka akanichapa na glavu yake.

"Mshenzi!"

"Mimi, mama?"

"Yeye! Hata kufa hawezi kufa sawasawa!"

Nikamweleza habari za macho yako, na picha, na ulivyonifundisha kuhusu mwenzako wa makasia. Akauliza, "Hakukutajia jina la huyo mwenzake?" Nikasema hapana. "Basi lishike hilo jina, maana unaongea na mwenyewe."

Mjomba, kwa nini sikuambiwa? Mama alijua? Nikamwomba aivue ile sketi, watu wasije wakachanganyikiwa. Akasema: "Sketi ya msiba haivuliwi kwa maneno ya posta. Nimeivaa mbele ya kanisa. Nitaivua nikimwona amesimama pale gatini kwa miguu yake, si kabla."

Nijibu upesi.

Friida

*

Gotland, 12 Machi 1993

Friida,

Marahaba. Huku upepo wa kaskazini, mvua kidogo. Paka alitapika jana lakini leo anakula.

Nashukuru kufufuliwa. Yule wa ndoana mwambie nimemsamehe.

Hatua thelathini ni nzuri. Ukirudi, shuka upande wa kusini wa lile jiwe kubwa, kuna ufa ambao mtu mmoja anaweza kulala bila kuwazibia njia. Watoto manyoya yao meupe huanza kutoka wiki ya tatu, kwa hiyo una siku chache tu. Usipoteze muda kwa mambo mengine.

Teodor

*

Kihnu, 28 Machi 1993

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima sote. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaigeuza hata nyuma kuona kama umeandika kitu huko. Haya.

Nimeipata picha.

Lakini sikuipata peke yangu. Tarehe ishirini Akilina alitokea gatini na kikapu, na sketi yake nyeusi, na makasia yake mwenyewe begani. Mwanamke wa miaka sitini na tisa! Akasema, "Hiyo injini yenu izimeni mkifika nusu, mengine niachieni mimi." Arvo akatii. Alipiga makasia bila kudondosha tone. Sijawahi kuona boti ikienda kimya namna ile.

Ule ufa wako tuliukuta. Akacheka: "Ufa wa mtu mmoja! Tulikuwa tunalala wawili humu." Tukalala wawili. Wanawake wawili wa msibani, na mfu mwenyewe yuko Gotland anamlisha paka. Mimi nilikuwa nimejilaza, najikuna kwa bidii. Akaninong'oneza, "Acha kujikuna kama mbwa. Sili hana haraka. Umelala kama gunia, legeza shingo." Nikalegeza shingo.

Walikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwetu. Mtoto mweupe, mnene, mviringo, macho meusi makubwa yenye machozi, amekaa juu ya mwani mweusi na hakuna kitu kingine cheupe kisiwani. Mama yake hakuwepo. Alikuwa analia. Mimi nikashika mwani kwa mikono miwili nisimwendee.

Ndipo Akilina akaita. Sijui nikuelezeje, na wewe unaijua kuliko mimi. Ilianza chini, kama mtu anayevuma akiwa amefunga mdomo, ikapanda, ikakatika. Majini vikatokea vichwa, viwili, vitano, tisa. Mwenyekiti alikuja kwa pua yake. Na katikati yao Shangazi Mwenye Kovu. Akatoka majini, mzito, akijivuta kwa tumbo juu ya mawe, anasimama, anapumua, anajivuta tena, mpaka akamfikia mtoto. Walinusana pua kwa pua. Hakumlamba, hakumfanyia lolote, alimnusa tu, polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja. Kisha akageuka ubavu, mtoto akanyonya. Mjomba, nimewaona watu wakipendana na nimewaona ng'ombe wakipendana, sijaona kama hili. Nilipiga. Soksi ikakohoa. Mama aliinua kichwa, akatutazama sisi wawili, akaona tu wenzake, akakilaza.

Tulikaa saa mbili. Hatukuwa na hisia miguuni. Walipokwenda ndipo Akilina akasema, bila mimi kumuuliza.

Alisema mwaka wa arobaini na nne mlikubaliana kuikimbia vita pamoja alfajiri, kuvuka bahari kwa boti ya watu saba. Alirudi nyumbani kumuaga mama yake, mama yake akamshika sketi hamwachii. Alipofika ufukweni boti ilikuwa imeshasukumwa, haijapita mawe ya nje. Aliogopa kupaza sauti kwa sababu ya askari. Akaita kama anavyowaita sili, ile sauti uliyoijua wewe. Mara tatu. Hakuna aliyegeuka.

"Muulize mjomba wako jambo moja tu," akaniambia. "Kama masikio yake ni mazima."

Picha imerudi kutoka Pärnu na ni nzuri kuliko ninavyostahili. Masharubu yanahesabika. Kila aliyeiona ameketi chini. Nilitaka kuituma na barua hii, lakini Akilina ameichukua, na filamu yake, amezifungia sandukuni. Anasema, "Akitaka kuiona, aje. Mimi sitambebea bahari mpaka kwake." Nimemsihi, nimemlilia macho yako. Amenijibu kwamba macho yanaweza kusafiri.

Nisamehe mjomba. Nilikuahidi. Lakini nadhani ana haki.

Friida

*

Kihnu, 25 Aprili 1993

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya nne sasa hujaandika. Kila boti ikifika nafungua mfuko hapo hapo gatini, na Akilina anasimama karibu na kondoo wake anajifanya anatazama mawingu. Hajauliza hata mara moja.

Watoto wa sili wameshatoka manyoya meupe, wamekuwa wa kijivu, wameingia majini wenyewe. Shangazi Mwenye Kovu nimemwona juzi, amekonda, anaota jua.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama ni jicho, mwombe jirani akuandikie. Usininyamazie tu.

Friida

*

Gotland, 6 Mei 1993

Friida, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Samahani kwa herufi zinazopanda na kushuka, nimeweka rula chini ya kila mstari na bado zinaponyoka. Jirani amejitolea kuandika lakini mambo haya siwezi kumtamkia mtu. Huku kumechipua. Paka hajambo.

Sikukasirika. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika ambayo ningeonekana mtu afadhali, na sikuipata.

Mama yako nilimwambia kwamba Akilina alikataa kuja. Ndiyo maana hakukuambia kitu, alikuwa akinihurumia. Kila mtu huku anajua hivyo. Miaka arobaini na minane nimekuwa yule kijana aliyeachwa na mchumba ufukweni, na watu wamenipa kahawa kwa ajili hiyo.

Masikio yangu ni mazima. Yalikuwa mazima hata siku ile. Nilikuwa nimeshika kasia la nyuma. Ilikuja sauti kutoka ufukweni, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mtu wa mbele akauliza, "Nani huyo analia?" Kulikuwa na mwanga wa askari upande wa mnara wa taa, kulikuwa na watoto wawili botini, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na niliogopa. Tungeweza kurudi. Pengine tungekamatwa, pengine hapana, sijui, na sikungoja nijue. Nikajibu: "Ni sili."

Waliniamini. Nani angebisha? Mimi ndiye niliyewajua.

Tangu hapo nimewapenda sili kwa namna ambayo si nzuri. Nikisikia mmoja hapa Gotland, napita njia nyingine. Nilikuomba picha kwa sababu picha haina sauti. Sasa na wewe umejua, na ukitaka kuacha kuniita mjomba nitaelewa.

Msomee yeye barua hii yote. Usiruke chochote, hata habari za paka.

Jirani atamtunza paka, kumbe alikuwa tayari siku zote, ni mimi ambaye sikuwahi kumuuliza. Nina tiketi ya meli ya tarehe ishirini na mbili hadi Tallinn, na kutoka hapo nitaulizia njia kama mgeni. Ijumaa ya tarehe ishirini na nane nitakuwa kwenye boti ya kisiwani. Usinijibu kwa anwani hii.

Na mwambie asije akaivua ile sketi kwa huruma kabla sijashuka. Nataka niione mwenyewe, nijue nilililiwa namna gani. Nyekundu na kijani zimeanza kunipotea, lakini nyeusi bado naiona.

Teodor